Baraza ya Bibi Fontenot

Royce Tuttle alikuwa hajawahi kushika nyundo, ila kwa maneno alikuwa ameshajenga nusu ya mji wa Beaumont. Asubuhi moja yuko mgahawani, anakula mayai ya mkopo, akamsikia Ignacia, fundi wa kupaka rangi, akiwatambia mafundi wenzake.

"Mkandarasi kala jasho langu, kayeyuka! Basi nikaenda zangu ofisi ya kaunti, nikaapa kwamba nyumba nimeipaka rangi na sijalipwa, nikaiwekea zuio. Haiuziki mpaka nilipwe. Mwenye nyumba kanifuata mwenyewe na hundi mkononi!"

"Lakini aliyekuajiri si mkandarasi?" mmoja wao akauliza.

"Na rangi iko kwenye ukuta wa nani?"

Royce akaacha kutafuna. Yaani unaapa tu, nyumba inafungwa? Mtu mwenye akili timamu angejiuliza maswali mawili matatu. Yeye alijiuliza moja: nyumba ipi?

Akaichagua ya Bibi Eudora Fontenot, mjane aliyekuwa na haraka ya kuuza ahamie kwa bintiye. Ilikuwa na baraza kubwa ya mbao upande wa mbele. Royce akaenda kaunti, akaiwekea zuio, akaapa bila kupepesa jicho kwamba baraza ile kaijenga yeye, chini ya mkandarasi aliyetoroka, na hajalipwa hata senti.

Haikuchukua muda, bibi akampigia simu. "Mwanangu, njoo tuyamalize. Nimeoka pai."

Royce akaenda amevaa suruali ya kazi aliyoipaka udongo kwa makusudi. Sebuleni akamkuta bibi, pai ya njugu za pekani, na kijana mnene aliyevaa sare ya polisi.

"Huyu ni mpwa wangu, Odell. Usimjali, kafuata pai. Kwa hiyo baraza ni kazi ya mikono yako?"

"Kila msumari, mama!" Royce akajipiga kifua. "Ile ndiyo fahari yangu."

"Mungu mkubwa! Nimekutafuta kama nini. Juzi imemtumbukiza mchungaji wangu mpaka kiunoni. Mbao zimeoza zote!"

Royce akautupia jicho mlango. "Sasa mama… huenda nimekosea nyumba."

Odell akainua uso kutoka kwenye sahani. "Si uliapa? Kuapa uongo kwa kaunti ni jela, kaka."

"Nani kasema uongo? Nimesema huenda!"

"Basi rekebisha kazi yako," akasema bibi kwa upole, "ufute na zuio lako. Nyundo iko kibarazani. Angalia usitumbukie."

Royce akajenga. Alijigonga vidole vyote, akajipigilia shati kwenye nguzo, mbao akanunua kwa pesa yake. Majirani walileta viti wakamtazama. Alipomaliza, baraza ilisimama imara, na mtu aliyekuja kununua nyumba akarukaruka juu yake akacheka. Royce akashikwa na kitu kigeni kifuani, kikafanana sana na fahari ya kweli.

Bibi akamletea maji baridi. "Kazi nzuri. Na choo cha nyuma je? Nacho ulikijenga wewe?"

"Mama, nakuapia, sijawahi kujenga kitu chochote katika maisha yangu!"

"Najua, mwanangu," akasema Bibi Fontenot, akimpangusa vumbi begani. "Baraza ile aliijenga marehemu mume wangu. Alikuwa mtu mwema sana, lakini useremala hakuujua kabisa."