Malalamiko Kuhusu Bomba Linalotoka Jasho Sebuleni

Endarasha,
Jumatano, 21 Julai 1971

Kwa Mama Watiri,
Mwenyekiti, Chama cha Mabati cha Akina Mama.

Mama Mwenyekiti,

Nakusalimu kwa heshima, mimi Hezekiah Kahiga, fundi wa mabati, mume wa Murugi aliye mwanachama wako. Nyumba thelathini na moja za chama chenu niliziezeka mimi, na hakuna hata moja inayovuja. Nataja hilo mapema usije ukadhani unaandikiwa na mtu asiyejua njia za maji.

Baada ya zamu za kununuliana mabati, chama kilianza zamu za majiko ya chuma yenye bomba la moshi. Zamu ya Murugi ilifika mwezi uliopita, nami nikalifunga jiko mwenyewe sebuleni. Sasa nalalamika kama ifuatavyo:

1. Jiko lenu linatoka jasho. Moshi ukipanda katika baridi hii ya Julai hugeuka maji ndani ya bomba, maji meusi yenye harufu ya ngozi iliyoungua, nayo hudondoka kwenye kila kiungo. Yameangukia vitambaa vya viti alivyoshona Murugi. Jumapili yaliangukia upara wa baba mkwe wangu, Mzee Gatimu, alipokuwa akikiombea chakula. Hakufungua macho. Alisogeza kiti akaendelea, ila sala ilikuwa fupi.

2. Mlinipa kibomba chembamba cha kufunga chini ya bomba kubwa, kipenye ukutani na kutoa jasho hilo nje. Nilikifunga kwa mteremko mzuri, nikapima kwa chupa ya maji, nikatega kopo nje chini ya paa. Kwa wiki tatu kopo limepata mjusi mmoja.

3. Karatasi ya maelezo ya mwalimu wenu Magdaline ina kosa la aibu. Inasema kipande cha juu cha bomba kiingie ndani ya kile cha chini. Fundi yeyote anajua kwamba bati la juu hulifunika la chini. Nililisahihisha kosa hilo kwa kalamu nyekundu, nikafunga inavyostahili, na sikudai hata asante.

4. Murugi amehama. Amerudi jikoni kule nje, kwenye mawe matatu, yeye na watoto na paka. Aliniambia, "Baba Ngendo, wewe uko na kichwa ya bati. Mvua ya nje ulimaliza, sasa umeileta kwa nyumba." Nakula peke yangu nimevaa kofia. Kila asubuhi namsikia akikohoa moshi uleule ambao chama kilitaka kumwepusha nao, na inaniuma sana. Nataka arudi.

Kwa hivyo naomba chama kisimamishe majiko yote, kuanzia la Gathoni ambaye zamu yake ni Jumamosi. Mwalimu Magdaline aje kwangu nimfundishe. Na barua hii isomwe mbele ya akina mama wote, kwa sauti, polepole.

Wasalimie wote nyumbani, na mumeo Mzee Moffat, na yule ng'ombe wenu aliyekuwa mgonjwa.

Ni mimi, chini ya bomba,
Hezekiah Kahiga, Fundi.

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, tone liliangukia lalamiko la tatu, utaona doa. Nilipanda mezani kwa hasira nikakitazama kile kiungo. Mvua hupita juu ya bati. Jasho hili hupita ndani ya bomba, nami nililifungulia mlango kwenye kila kiungo. Niliacha jiko lipoe, nikavigeuza vipande vyote vinne kama karatasi inavyosema, nikawasha tena. Kopo la nje sasa linalia tap, tap. Murugi amelisikia, akaja akasimama mlangoni, akatazama dari, akanitazama mimi, akasoma barua yote.

Jiko la Gathoni nitalifunga Jumamosi, karatasi mkononi. Nilitaka kuichana barua hii, lakini Murugi amekubali kurudi kwa sharti moja tu, kwamba iende ilivyo. Anakuletea yeye mwenyewe. Tafadhali isomwe kwa sauti, polepole.