Halua Iliyozuia Safari ya Mwezini

Tegeni masikio, enyi mlioketi na mliosimama, nikusimulieni vita vya Mahfoudh bin Hamdan, simba wa mtaa wa Khuwair ya Kusini, aliyepigania njia ya mwezini kwa silaha ya ukarimu peke yake!

Roketi ya mfano ilikuwa ya mkewe, Rawya, mwalimu wa sayansi, naye alitakiwa kuionesha shuleni kesho yake asubuhi mbele ya mkaguzi. Mahfoudh, aliyemuaibisha mwaka jana kwa volkano isiyotoa hata moshi, aliapa safari hii kumtoa kimasomaso. Akapanga makopo matupu ya halua kumi na moja, mnara ukafika kimo cha friji. Likabaki kopo la kileleni, chumba cha wanaanga wanne. Nalo lilikuwa limejaa, chini ya ulinzi wa mama yake, Bi Nasriya, ngome isiyopata kubomolewa.

"Halua ya mgeni hufunguliwa mbele ya mgeni," alinguruma Bi Nasriya, "na hutengwa ndani ya kopo lake. Nnakwambia, mwanangu, ukiigusa hunijui sikujui!"

Baada ya alasiri akaja Ami Sleiman, jirani mpole. Kopo likafunguliwa. Akamega mara tatu, kama ilivyo ada, akanywa kahawa, akatikisa kikombe kuonesha ametosheka.

"Bas, alhamdulillahi."

Damu ikamchemka shujaa. "Utosheke, Ami Sleiman, na watu wanne hawana pa kukaa? Wallahi hutoki humu mpaka tuone kitako cha kopo!"

"Watu gani, mwanangu?"

"Kula, ami!"

Akala kwa adabu, kisha kwa hofu, kisha kwa jasho, na Mahfoudh akimsaidia. Wenye roketi za kweli wameahirisha safari yao sijui mara ngapi. Mahfoudh hakuahirisha hata dakika. Kopo likaisha, likaoshwa, likapachikwa kileleni, likakaa! Iandikwe basi kuwa siku hiyo binadamu alifunguliwa njia ya mwezini, kwa mikono iliyojaa zafarani ya halua.

Rawya aliizunguka roketi kwa furaha, kisha akasita.

"Mahfoudh, chombo hiki kinawafikisha wanaanga mwezini, lakini hakitui. Cha kutua ni chombo kingine, hurushwa peke yake, kikawasubiri huko huko."

"Kopo jingine?"

"Kopo jingine."

Kabatini lilikuwamo moja, zima, halijafunguliwa. Mahfoudh akamtazama mama yake. Bi Nasriya akachungulia ukumbini.

"Mgeni bado hajaondoka," alisema.

Mlangoni, kiatu kimoja mguuni, Ami Sleiman alisikia kifuniko kikifunguliwa.