Diski Iliyoruhusiwa Kuvuliwa

Mwaka 1997, Idara ya Kumbukumbu za Samaki, tawi la Homa Bay, iliwatangazia wananchi habari njema: kuanzia mwezi huo, maarifa yote ya ziwa yangebebwa kwa mkono mmoja. Wananchi waliokuwa wakianika dagaa wao wa omena walisikia, wakaendelea kuanika.

Aliyetangaza ni mkuu wa tawi, Bwana Obare, na tusimlaumu, maana maji yalikuwa yamemfika shingoni. Kompyuta pekee ya tawi ilikuwa imeanza kukoroma, na Naibu Katibu alikuwa anakuja kutoka Nairobi kukagua. Tawi likionekana la kisasa, mkuu wake angepandishwa cheo. Likionekana la kizamani, angepunguzwa kazini, aende nyumbani akalime mahindi. Obare aliyapenda mahindi, ila yakishachomwa.

Akaunda Kamati ya Uteuzi wa Diski ya Nje, Nafuu na ya Kubebeka. Wajumbe walikuwa yeye, karani wake Mellen, na Bichage, mkaguzi aliyejulikana kutoka Muhuru Bay hadi Mfangano kwa kuwanyang'anya wavuvi samaki wachanga. Wakafunga safari hadi Migori, kwenye duka la Farah la redio na kompyuta.

Farah akaleta diski mbili. Moja ilienea kiganjani. Nyingine aliishusha kwa mikono miwili, akahema.

"Hii ndogo ndio mpya," akasema. "Bei iko chini, na inameza faili mara mbili ya hiyo kubwa."

Bichage akatoa rula yake ya kupimia samaki wa mbuta. Akaipima ile ndogo, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Hii ni changa. Sheria hairuhusu."

"Ndugu yangu, hii si samaki. Hii haikui."

"Itakuaje na mmeshaitoa majini?"

Hoja ilikuwa nzito.

Obare akaiinua kubwa. Akaibonyeza ubavuni, akainusa. Alizaliwa ufuoni, na hakuna mtu aliyewahi kumuuzia samaki aliyelala.

"Hii imeshiba," akasema.

"Lakini mzee, ile ndogo ndio bei nafuu," Mellen akanong'ona. "Na kamati yetu ni ya nafuu."

"Nafuu kwa kilo, Mellen! Kwani omena unanunua aje?"

Mizani ikaazimwa kwa jirani anayeuza sukari. Kwa kilo, ile kubwa ilikuwa kama ya bure. Kuhusu kubebeka, Bichage aliibeba mpaka kwenye gari akipumzika njiani, na kamati ikaazimia kwamba kilichobebwa kinabebeka. Farah akapokea pesa na kuwaombea Mungu, kwa moyo mweupe kabisa.

Mellen akahamishia humo kila kilichokuwa kwenye kompyuta. Siku ya ukaguzi, Naibu Katibu, Bi. Mokeira, aliikuta diski mezani, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

"Ofisi nzima imo humu, madam," Obare akasema. "Faili, makabati, mikutano."

"Yote?"

"Yote! Hata mimi mwenyewe nimo. Mshahara, likizo, mpaka historia ya utumishi."

Bi. Mokeira aliguswa. Alikuwa amezunguka wilaya nyingi, na hakuwahi kuona tawi lililoendelea kiasi hicho.

"Basi jengo hili tuwape akina mama waanikie omena mvua ikinyesha," akasema. "Bichage arudi ufuoni. Mellen anakuja nami Nairobi, maana ndiye anayejua kuifungua hii kitu."

"Na mimi, madam?"

"Wewe pia unakuja Nairobi. Si umesema umo ndani?"

Obare alicheka. Alipoona anacheka peke yake, woga ukamshika vibaya sana. Alitaka kusema kwamba alitia chumvi kidogo, lakini ni mkuu gani wa tawi anayekanusha taarifa yake mwenyewe mbele ya Naibu Katibu?

Nje, Kerosi, dereva wa Obare wa miaka mingi, aliiweka diski kwenye kiti cha mbele, akaifunga mkanda. Bi. Mokeira na Mellen wakaketi nyuma. Obare akashika mlango.

"Kerosi, hebu nisogeze tu hapo Rodi Kopany."

"Pole, mzee," Kerosi akasema, akiwasha gari. "Wewe si tumeshakupakia?"