Macho ya Dereva Namba Saba

Jumatatu, 4 Machi
Wametufungia kamera kwenye malori. Ndogo kama kifungo cha koti, iko juu ya usukani, inanitazama usoni kutwa nzima. Mke wangu mwenyewe hajawahi kunitazama hivyo. Meneja ametueleza: ukisinzia au ukishika simu, inakusema kwa sauti na kupeleka taarifa ofisini. Wiki ikiisha, mwenye alama nyingi anakabidhiwa lori jipya. Lina kiyoyozi! Miaka kumi na moja nasambaza magodoro ya kampuni hii kwa lori ambalo dirisha lake nalishusha kwa koleo. Lori lile ni langu. Shemeji, kaka wa mke wangu, dereva namba nne, anasema ni lake. Tutaona.

Jumanne, 5 Machi
Shida ni macho yangu. Madogo, ya kurithi. Nimetoka getini tu, kamera ikasema: "Dereva, pumzika." Niko macho kabisa! Nimekunywa chai vikombe vitatu! Ikarudia mara kumi na tisa. Ya ishirini nikaona kubishana nayo ni utovu wa adabu. Nikaegesha, nikapanda nyuma. Magodoro arobaini. Nikapumzika kwa muda wa saa tatu.

Meneja hakufurahi. Nikamweleza kwamba nilitii amri. Akasema nikiharibu tena ananiondoa barabarani. Shemeji alikuwa pembeni akijifanya anasoma tangazo ukutani. Tangazo lenyewe la mwaka juzi.

Jumatano, 6 Machi
Nimebandika kope juu kwa selotepu. Kamera kimya. Ushindi! Tatizo, siwezi kupepesa. Nimefika kwa mteja machozi yananitiririka. Mama mwenye duka akanishika mkono, akauliza nani amefariki. Sikutaka kumvunja moyo. Nikasema mjomba. Akanipa soda.

Jioni mjomba akapiga simu kunisalimia. Nilipata taabu kumwitikia.

Alhamisi, 7 Machi
Akili imenijia alfajiri. Kamera inataka macho, nitaipa macho. Nikafungua albamu ya harusi yetu. Mimi nimefumba picha zote, hata ya kulishana keki. Aliyekodoa ni shemeji, nyuma ya bi harusi, anaiangalia keki. Nikamkata kichwa kwa mkasi. Kazi hiyo niliifurahia kupita kiasi. Nikakibandika kwenye kijiti mbele ya kamera.

Ikaitika kwa bashasha: "Karibu, dereva namba nne."

Mimi ni namba saba. Kifaa hakijui hesabu. Lakini siku nzima hakikufungua mdomo tena. Nimepiga miayo mpaka taya likauma.

Ijumaa, 8 Machi
Kimya tena. Namba nne tena. Nikamuuliza fundi wa kamera kama huwa zinakosea namba. Akasema haiwezekani, zinamtambua dereva kwa sura. Nikamcheka moyoni. Vijana hawa wanaamini vyombo vyao mno.

Mke wangu ameona tundu kwenye picha. Nikasema ni panya. Akauliza panya gani anatafuna duara.

Jumamosi, 9 Machi
Matokeo yamesomwa uani mbele ya wote. Wa kwanza, dereva namba nne. Meneja alisema hajapata kuona bidii kama hiyo: Alhamisi na Ijumaa shemeji ameendesha saa mara mbili ya wenzake, na nusu ya saa hizo hakupepesa hata mara moja. Shemeji mwenyewe alishangaa kidogo, kisha akakubali.

Wa mwisho, namba saba. Hajaonekana kazini tangu Jumatano. Nilikuwa nimesimama mbele ya meneja. Ningejitetea vipi? Ningesema nilikuwa nimejificha nyuma ya kichwa cha shemeji?

"Wewe kapumzike nyumbani," meneja akaniambia. "Tutakuita."

Safari hii sikupewa godoro. Shemeji akatoka getini na lori langu, vioo vimefungwa, ananipungia mkono. Imeniuma sana. Nimelia, na selotepu sikuwa nayo.

Jumapili, 10 Machi
Nimepumzika. Mke wangu hanisemeshi. Nimekaa sebuleni kutwa, nikajiuliza kwa dhati nilikosea wapi. Nimepaona. Nilichagua mtu mwenye namba. Ningechagua asiye dereva, kamera ingemjulia wapi?

Nimeipitia albamu upya. Mama mkwe amekodoa kuliko wote.

Mkasi nimeuona. Mke wangu ameukalia. Nasubiri ainuke.