Kocha wa Kapata na Kipande cha Reli

Jamani, leo mtaa mzima wa Kapata umenifahamu. Kwa jina, kwa sura na kwa ujinga.

Naandika mapema kabla habari haijawafikia ninyi mliokuwa kazini, ikiwa imetiwa chumvi na watu wengine. Chumvi ya leo inatosha.

Mnajua nimerudi Kolwezi mwezi uliopita, baada ya miaka kumi na minane ya kuchomelea vyuma kule Fungurume. Nimerudi katika nyumba ya marehemu baba, ile ile ya kampuni ya mgodi, safu ya tatu, mlango wa buluu. Nimekuja na binti yangu Ngalula, miaka kumi na mmoja, golikipa. (Golikipa kweli kweli. Akishadaka mpira, kumnyang'anya ni kesi.)

Sasa likizo hii kuna mashindano ya watoto wa mitaa yote. Sharti ni moja tu: mtaa usio na kocha mwenye brevet, yaani cheti cha ukocha, watoto wake watakaa pembeni watazame wenzao. Kapata tulijitolea watu wawili kwenda kwenye mafunzo. Mwenzangu siku ya pili akaenda kuchimba kobalti, mpaka leo hajaonekana. Nikabaki mimi. Asubuhi hii, siku ya tano na ya mwisho, Ngalula alinisindikiza mpaka mlangoni.

"Papa, usiniangushe. Nimekwisha ambia batoto bote tutacheza."

"Mi nikuangushe? Papa yako alikomalia pale terrain, pale uwanjani!"

Mdomo huu! Mdomo huu ndio umenifikisha hapa.

Siku nne za kwanza tulikuwa ndani ya ukumbi wa parokia. Mwalimu wetu ni Madame Nadège, dada mmoja wa Lubumbashi, sauti ndogo, daftari kubwa. Anatufundisha kwamba kocha hatukani, hapigi mtoto, hafokei. Mimi kila baada ya dakika kumi nanyoosha kidole: "Madame, sisi wakati wetu..." Kufika siku ya tatu, wenzangu wote walikuwa wananimalizia kwa pamoja: "Sisi wakati wetu!" Kisha wanacheka. (Niliona ni heshima. Mungu anisamehe.)

Lakini kweli, wakati wetu! Leo kwa mara ya kwanza mafunzo yalihamia uwanjani, kwa ajili ya mtihani. Nilipokanyaga lile vumbi jekundu, moyo wangu ulilainika. Tena pale pembeni, kwenye nguzo, nikaiona reli. Kipande cha reli kinachoning'inia kwenye waya, na bolti kubwa la kugongea. Alikitundika Tata Mutombo, kocha wetu, Mungu amlaze pema. Saa kumi kamili alikuwa anagonga mara tatu. Ukiwa unaosha sahani, unaziacha. Ukiwa na tonge la bukari mdomoni, unalimeza bila kutafuna. Milango ya safu zote inafunguka, watoto tunamwagika njiani, mama zetu wanatulaani kutoka jikoni. Na baba zetu wakirudi kutoka zamu, kofia za kazi mkononi, wanasimama kutazama. Baba yangu alikuwa anasimama karibu na goli la upande wa barabara. Hajawahi hata siku moja kuniambia nimecheza vizuri. Lakini alikuwa anasimama. Ningetoa chochote nisikie ile milango tena.

Haya. Mtihani wa kwanza: kukusanya watoto kumi na wawili waliotawanyika uwanjani, ndani ya dakika mbili, bila filimbi. Jamaa mmoja aliyetoka Musumba aliimba, watoto wakaitikia na kuja wanacheza. Mama mmoja wa mjini alipiga makofi kwa mpigo, wakaja. Zamu yangu ikafika. Watoto walikuwa wa Kapata hii hii, Ngalula akiwa mmoja wao, ananitazama kutoka golini.

Madame Nadège akabonyeza saa. "Coach, anza."

Ningeweza kupiga makofi. Ningeweza kuimba. Mimi nikakaza mwendo kuelekea kwenye nguzo, kifua mbele. Nikasikia nyuma yangu mtu ananong'ona, "Sisi wakati wetu." Nikashika bolti.

Ngaa! Ngaa! Ngaa!

Sauti ni ile ile, jamani. Nilifumba macho. Nilikuwa na miaka kumi.

Nilipofumbua, watoto walikuwa wanakimbia. Mbio za ajabu! Ila hawakuwa wanakuja kwangu. Walikuwa wanatoka uwanjani, kila mmoja kwa upande wake, wengine wanaruka ua. Ngalula mbele yao.

"Wanakwenda kuleta viatu," nikamwambia Madame. (Nilijibu kwa uhakika kabisa. Aliyenipa uhakika huo simjui.)

Dakika moja. Uwanja mtupu. Kisha milango ikaanza kufunguka, safu kwa safu, kama zamani! Nikatabasamu. Halafu nikaona wanaotoka. Mama wa kwanza na bidoni mbili, madumu ya manjano. Mama wa pili na bidoni tatu. Mama ana mtoto mgongoni na bidoni kichwani. Mzee mmoja na taulo kiunoni, povu la sabuni limejaa kichwani, ndoo mkononi. Kwaya ya parokia ikatoka mazoezini na ndoo zake. Wote mbio, wote wanakuja kwangu, vumbi limepanda mpaka simwoni Madame Nadège.

Walinipita. Wakaenda kwenye bomba lililo nyuma ya goli, wakapanga bidoni kwenye laini kwa sekunde chache. Mama Tshilanda, msimamizi wa bomba, akafungua. Bomba likakohoa. Halikutoa kitu.

Mama Tshilanda akageuka.

"Nani amepiga chuma?"

Mimi nikatazama mawingu. Bolti bado ninalo mkononi.

"Ni wewe, tata?"

"Mama, mi nilikuwa naita batoto ya mupira..."

"Batoto ya mupira! Chuma ni ya mayi! Mayi ikikuya, mi njo napiga, mi peke yangu! Nimeacha bukari ku mbabula ya makaa, inaungua sasa hivi!"

"Wakati wetu, mama, chuma ilikuwa ya..."

"Wakati gani? Wakati gani huo? Uko mutoto ya nani, wewe?"

Nikataja jina la baba. Vibaya zaidi. Bibi mmoja akapiga makofi: "Yo! Ni kale kalikokuwa kanalia kakifungwa goli!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mzee wa povu alicheka mpaka povu likamwingia machoni, akaanza kunitukana akiwa amefumba macho.

Mnaniuliza, wewe unaishi Kapata, hukujua chuma ni ya maji? Sikujua. Mimi natoka nyumbani alfajiri, narudi jioni, nakuta bidoni zimejaa. Nanawa, nakunywa, nalala. Mwezi mzima sijawahi kuuliza zinajaaje. Anayekimbia na hizo bidoni alikuwa amesimama kwenye laini, wa tano kutoka mbele, ananitazama.

"Papa," akasema Ngalula, "maji iko wapi?"

Hapo ndipo niliumia. Wale wengine wote wacheke tu, lakini huyu.

Madame Nadège akatokea kwenye vumbi na daftari lake. "Coach, batoto beko wapi?"

"Ku laini, Madame."

"Nilikuambia ukusanye kumi na mbili. Umekusanya cité nzima, batoto hata mumoja hakuna."

Akaandika. Niliona kalamu inachora duara. Sifuri ni sifuri, hata uiangalie kichwa chini. Nikaona mashindano yanakwenda zake. Nikamwomba, mbele ya watu wote: "Madame, nipe mara moja ingine. Si kwa ajili yangu."

Akatazama saa. "Mara moja. Na usishike kitu."

Nikaenda kwenye laini. Tatizo: watoto hawatoki. Aliyekwisha panga bidoni hatoki, maana maji yanaweza kuja saa yoyote na akitoka nafasi imekwenda. Nikataka kuwaita kwa majina. Nikagundua namjua mmoja tu, tena ni wa kwangu. Majina yote niliyonayo kichwani ni ya akina sisi, wa zamani, nusu yao wamekufa. Nikachuchumaa mbele ya wa kwanza.

"Unaitwa nani?"

"Kasongo."

"Kasongo, uko unacheza namba ngapi?"

"Namba saba."

"Enda ukacheze saba yako. Mi nalinda bidoni yako."

Akamtazama Mama Tshilanda. Mama Tshilanda akanipima kwa macho.

"Alinde," akasema. "Na mayi ikikuya, atajaza yeye. Na atapeleka ku milango, leo na kesho. Ya kwangu ya kwanza."

Basi. Mmoja mmoja, jina kwa jina. Kayembe. Mujinga. Mapacha wawili ambao bado siwezi kuwatofautisha. Wa mwisho Ngalula. Alinikabidhi bidoni zake mbili, akakimbia golini.

Kwa hiyo mtihani wangu wa ukocha nimeufanyia kwenye laini ya bomba, peke yangu katikati ya mama arobaini, nasukuma bidoni kumi na tatu kwa mguu, nafundisha kwa kupaza sauti. "Kasongo, tanua! Mapacha, mumoja abaki nyuma! Yeyote!" Mama mmoja ananigusa bega: "Tata, sogea." Maji yalikuwa yamekuja kweli! Nikawa nashika mpira wa bomba huku natazama mpira wa miguu. Ngalula akaruka, akadaka moja ya kona, mama wote kwenye laini wakapiga yowe. Mimi sikupiga yowe. Nilisimama tu pale karibu na goli, mikono inachuruzika maji, nikashindwa kusema chochote. Nikaelewa kwa nini baba yangu alikuwa kimya.

Madame Nadège alikuja kunisainisha pale pale bombani. Amenipitisha! Kwenye nafasi ya maoni ameandika: "Kocha mzuri akiwa na mikono imejaa." Kapata tumeandikishwa. Ngalula amelala na karatasi ile chini ya mto.

Sasa ombi. Kesho asubuhi mtaniona nasukuma kigari cha bidoni kutoka mlango hadi mlango, safu ya kwanza mpaka ya sita. Ukinikuta, sema tu "Bonjour, coach," kwa sauti, watoto wasikie. Kicheko nendeni mkakimalizie ndani ya nyumba zenu.