Mikakati Yangu ya Kumleta Mitchel Shirere

Jumatatu, 12 Januari 2026

Siku ya kwanza ya Gredi ya Kumi. Nimefika saa kumi na mbili asubuhi na tai mpya. Madawati arobaini nimeyapanguza mwenyewe. Wanafunzi walioripoti: watatu. Mmoja alikuwa amepotea, akauliza njia ya kwenda shule jirani. Basi wawili.

Shule yetu ya kutwa ya Mutsembi, hapa mjini Kakamega, haijawahi kuaibika hivi. Nilisoma hapa mimi! Enzi zetu tulikaa watatu dawati moja, Waluhya wa kila aina, Wajaluo, Wanandi, Waislamu wa Mumias na Matungu, na kelele zetu zilisikika hadi sokoni. Leo nimesimama mlangoni mwa darasa nikasikia saa ya ukutani. Imeniuma.

Saa nne akaja afisa wa elimu na faili. Akasema wasipofika kumi na watano kufikia Ijumaa ya tarehe 23, darasa litafungwa na waliopo wapelekwe kwa jirani. Kwa jirani! Yaani kwa Kibiwott, naibu mwenzangu, ambaye shule yake ina basi na hakuna siku hajalitaja hilo basi.

Mwalimu Mkuu wetu, Bi. Zuena, hakushtuka. Alisema inshallah tutapata. Mama huyu wa Mumias hana haraka. Naibu ni mimi. Mikakati ni kazi yangu.

Sasa siri. Kwenye orodha ya waliopangiwa Mutsembi, nambari ya ishirini na mbili, kuna Mitchel Andati. Binti yangu! Kompyuta imempanga yenyewe, sikuigusa. Tangu mimi na mama yake tuachane, mwaka wa tano huu, Mitchel anaishi Butali na huyo mama yake, Muhonja, anayefanya kazi kwenye mizani ya miwa. Mimi niko mtaa wa Shirere, hapa mjini, vyumba viwili, katikati ya wanafunzi wa chuo na spika zao. Chumba kimoja hakina mtu. Nimenunua kitanda. Nimenunua neti ya rangi ya waridi. Mitchel sijamwambia lolote. Nataka kwanza shule isimame, aje akute baba yake ameinua kitu.

Jumatano, 14 Januari

Wako wanne. Mkakati wa kwanza: mzazi akichungulia, aone darasa limejaa. Nimeazima Kidato cha Nne wote, nikawavalisha sweta mpya za Gredi ya Kumi zilizokuwa stoo. Nikawaagiza waonekane wadogo. Tyson, nahodha wa raga, ana ndevu. Huyo nilimwambia ainamie daftari na asiinue uso.

Saa tano akaja mama mmoja wa Khayega na mtoto wake. Nikampeleka dirishani, nikamwambia ajionee mwenyewe jinsi tulivyofurika. Akatazama kwa muda. Halafu akapaza sauti: "Wewe Tyson! Si ulisema unamariza shule mwaka huu?"

Kumbe ni shangazi yake. Tyson akasimama kwa heshima, sweta ikapasuka begani. Mama akamshika mtoto wake mkono wakaenda. Nikamfuata hadi langoni nikimweleza kuhusu maabara. Alisema labda na hiyo maabara ni ya kuazima. Darubini ndiyo ya kuazima. Lakini angejuaje?

Kibiwott amesikia tayari. Amenitumia ujumbe wa pole, na picha ya basi.

Alhamisi, 15 Januari

Bado wanne. Nimekaa na simu mkononi kipindi kizima cha mapumziko. Jina la Mitchel liko juu kabisa. Nilikaribia kubonyeza. Nimwambie nini? Kwamba aje, tuko wanne? Hapana. Simu nikairudisha mfukoni.

Jioni nimesonga obusuma nikajikuta nimepima unga wa watu wawili. Nimekula wote. Nilikuwa na huzuni na sasa nina tumbo.

Jumamosi, 17 Januari

Mkakati wa pili. Mkubwa!

Wazo lilikuwa safi. Watu wa hapa wakisikia ngoma za isukuti hawakai ndani ya nyumba. Basi nikakodi wapiga ngoma sita wa Khayega na mpiga pembe wao. Waanze alfajiri, wapite barabarani hadi uwanja wa shule. Wazazi wataifuata ngoma, na wakifika watanikuta mimi, meza, na fomu za usajili. Kiongozi wao aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Pembe, alfajiri, Jumamosi? Nikasema nina hakika kabisa. Akaniangalia kwa heshima ambayo sikuielewa.

Mimi ni Mkabras. Kwetu tunajua miwa. Hakuna aliyenieleza kwamba huku kwa Waisukha, pembe na isukuti alfajiri ya Jumamosi ni za kumsindikiza fahali anayekwenda kupigana. Mtoto mdogo anajua. Mpishi wetu anajua. Naibu wa shule hajui!

Walifika watu mia nne. Mia nne! Nilipanda juu ya meza machozi yakinilengalenga. Uwanja wetu haujaona watu hivyo tangu nikiwa kijana wa kaptura. Nikaanza kusoma dira ya shule. Mzee mmoja wa mbele akanikatiza kwa adabu: "Mwarimu, hayo ni mazuri. Rakini tunangoja ng'ombe. Iko wapi?"

Kabla sijajibu, fahali wawili wakaingia langoni. Mmoja ametoka Shinyalu, mwingine Khayega. Wenye fahali walikuwa wamesikia pembe kama wengine wote, wakaona wasikose. Walipigana dakika kumi na mbili. Goli la upande wa chini halipo tena. Meza haipo. Aliyeshindwa alikimbilia ofisini, akasimama katikati ya maua ya Bi. Zuena, akayala taratibu.

Fomu moja tu ilijazwa. Nimeisoma kwa furaha hadi mstari wa pili. Jina: Radi. Umri: miaka sita. Anakotoka: Khayega. Kipaji: kusukuma kwa pembe.

Watu walipoondoka walinipa mkono mmoja mmoja. Wakaniuliza Jumamosi ijayo tutaanza saa ngapi.

Jumapili, 18 Januari

Muhonja amepiga simu baada ya ibada. Video imefika Butali. Naonekana juu ya meza na makaratasi yangu, nyuma yangu fahali wamefungana pembe. Anasema watu wa mizani wameitazama hadi wameshika hotuba kwa moyo.

Kisha akawa mpole, na Muhonja akiwa mpole mimi huogopa. Alisema hakuwa na shida na shule ya kutwa. Hata walikuwa wamezungumza na Mitchel kuhusu kuja. Lakini baada ya mambo ya jana, anaomba uhamisho. Kuna nafasi katika shule ya bweni ya wasichana, upande wa Vihiga. Akasema, "Baba Mitchel, kama uko na neno, sema saa hii."

Neno nilikuwa nalo. Nikafungua mdomo, nikamsomea malengo ya miaka mitano ya shule. Alinisikiliza hadi lengo la nne. Halafu akasema sawa, akakata.

Kabla hajakata nilimsikia Mitchel nyuma yake akichekea kitu. Kicheko chake kimekuwa cha mtu mkubwa. Kilibadilika lini? Nimekaa pale kitandani kwake, chini ya neti, nikijaribu kukumbuka kile cha zamani.

Jumanne, 20 Januari

Kumi na mmoja! Sijui wametoka wapi.

Nimeuliza. Ni Bi. Zuena. Tangu jana hakanyagi ofisini. Yuko sokoni. Anavuta kigoda, anakaa na akina mama wa mboga, anawasaidia kuchambua majani ya saga, anauliza kila mmoja mtoto wake wa Gredi ya Kumi yuko wapi. Wengi wako nyumbani tu. Mmoja hana sare. Mmoja amepangiwa shule ya mbali na mama ni mgonjwa. Mmoja, Yasin wa Matungu, anaishi kwa mjomba hapa mjini na hakuna aliyekuwa amemwambia anaweza kuja. Bi. Zuena anawaambia waje kesho walivyo.

Hiyo tu! Anauliza, wanakuja. Nimemwambia kwa heshima kwamba huo si mkakati, hauna hata jina. Alicheka, akaniuliza nyumbani hawajambo. Nikasema hawajambo. Nyumbani kwangu nani awe na jambo?

Alhamisi, 22 Januari

Siku mbaya kuliko zote. Nitaiandika ilivyokuwa.

Nilijua Mitchel atakuja leo na fomu ya uhamisho. Fomu haiendi popote bila muhuri wetu, na muhuri hukaa kwenye droo yangu. Mkakati wa tatu ukajileta wenyewe. Nimeamka mapema, nikauzika muhuri ndani ya gunia la maharagwe, stoo ya jikoni. Bila muhuri hakuna uhamisho. Kesho darasa linatimia, afisa anaridhika, Muhonja anachoka kufuatilia, Mitchel anabaki. Sikuona kasoro.

Kasoro ya kwanza: wazazi wa wanafunzi wapya walikuja leo kuchukua barua za kuandikishwa. Zote zinahitaji muhuri. Saa tatu walikuwa mstari mmoja hadi langoni.

Kasoro ya pili: leo ni siku ya githeri, mahindi kwa maharagwe.

Nilipokimbia stoo, gunia lilikuwa tupu. Mpishi alikuwa anakoroga. Muhuri alishauona kwenye mwiko, akadhani ni kipande cha kuni, akautupa pembeni. Nimeupeleka ofisini ukitoa mvuke. Bi. Zuena aliutazama, akanitazama mimi, akaufuta kwa kitambaa. Afadhali angefoka.

Mitchel alikuwa ameketi pale mbele yake. Amenipita urefu. Ana sauti ya mama yake na masikio yangu, maskini. Bi. Zuena akagonga muhuri kwenye fomu yake, ya kwanza kabisa. Karatasi ikanukia maharagwe.

Nilimsindikiza hadi langoni. Pale nje akaniambia kwamba siku nafasi zilipotangazwa na akaona Mutsembi, alifurahi. Alipanga nguo. Akangoja simu yangu. Alingoja siku ile, na wiki ile, na hata Jumapili mama yake alipokuwa akizungumza nami alikuwa ameketi karibu, akidhani nitaomba apewe simu. Alisema, "Baba, ungesema tu nije. Mimi ningekuja."

Ilikuwa nafasi yangu. Uhamisho ungeweza kuchanwa pale pale. Moyo wangu wote ulitaka kusema njoo, mwanangu, nyumba ni baridi bila wewe. Nikasikia mdomo wangu ukimweleza kwamba mkakati ulikuwa bado awamu ya tatu.

Akatabasamu. Akaninyooshea tai kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo, akisimama juu ya kiti. Leo hakuhitaji kiti. Kisha akaondoka.

Ijumaa, 23 Januari

Afisa amekuja, amehesabu. Kumi na tisa! Amehesabu tena, amewaangalia usoni mmoja mmoja, hasa wenye ndevu. Wote wa kweli. Darasa limepona. Mpishi alipiga vigelegele, na Kibiwott mwenyewe amenipigia simu kunipongeza, ingawa alimaliza kwa kusema basi lao limepata viti vipya.

Wafanyakazi wamemshangilia Bi. Zuena. Nami nimeshangilia. Baadaye nikaenda kusimama mlangoni mwa Gredi ya Kumi. Kelele! Yasin anabishana, wasichana wawili wanaimba, mtu anaburuta dawati. Kelele ileile niliyoililia siku zote hizi. Nikawa nasikiliza sauti moja moja, nikijua vizuri ile ninayoitafuta haimo, na bado naitafuta.

Jumapili, 25 Januari

Muhonja amenitumia nakala ya barua kutoka shule mpya ya Mitchel. Siku ya wazazi ni Jumapili, tarehe 22 Februari, kuanzia saa tatu. Mzazi aje na kitambulisho tu. Anaingia langoni, anataja jina la mtoto wake, mtoto anaitwa.

Nimeisoma mara tano. Rahisi mno. Nifike pale mikono mitupu, nisimame langoni niseme nimekuja kumwona Mitchel? Halafu nimwambie nini?

Nimepata njia bora. Kesho naanzisha chama cha mdahalo cha Gredi ya Kumi. Tutaiandikia shule ile tuombe mdahalo wa kirafiki siku hiyohiyo. Watakubali, ni wasichana wa kusema. Mitchel tangu utotoni hawezi kukaa kimya watu wakibishana, kwa hiyo lazima atapanda jukwaani. Mimi nitakuwa mwamuzi. Mada nitaichagua mwenyewe: heri mwanafunzi aishi na mzazi kuliko bwenini. Nitakaa kwenye meza ya waamuzi na kalamu yangu, ningoje aseme yuko upande gani. Hivyo nitajua kama bado anataka kuja kwangu, na sitakuwa nimemuuliza.