Kosa Moja la Makusudi

Jumatatu, 4 Agosti

Leo nimeacha kuwa mtu wa kadi za harusi. Yaani bado sijaacha, ila nimeshaanza kuacha. Mhariri wa jarida la magari amekubali kutupa ukurasa mzima, bure, tuitangaze jamii yetu ya wapenda magari mtandaoni, Gia ya Tano. Tangazo nitachora mimi. Na maneno yake nayaandika hapa kama ushahidi: likileta wanachama wapya mia moja kufikia Ijumaa ya wiki ijayo, kuna kiti kitupu katika chumba chake cha usanifu, na nitakikalia mimi. Nikatoka ofisini kwake kinyumenyume, kwa heshima. Nikaangusha jagi la maji.

Nimemweleza mke wangu. Amesema vizuri, lakini kaka yake hana subira. Shemeji ndiye mwenye duka la uchapaji ninakotengenezea hizo kadi, mwaka wa tisa huu. Anafungua tawi la pili na anatafuta mtu wa kukaa na mashine ya fotokopi. Mtu huyo ni mimi. Chumba chenyewe hakina dirisha! Mke wangu ameniambia wazi kwamba huu ndio mpango wa mwisho anaouvumilia. Ijumaa ile ikipita bila watu mia, Jumatatu niko kwenye fotokopi, na asisikie mtu akiguna.

Jumanne, 5 Agosti

Gia ya Tano tuko wanachama 206. Wenye magari ni kumi na mmoja, nao hawaandiki sana, muda mwingi wako gereji. Sisi wengine ndio wataalamu.

Mtaalamu kupita wote, kwa maoni yake mwenyewe, ni mmoja anayejiita Kabureta. Sijawahi kumwona. Namfikiria ana kitambi, ndevu, na bisibisi mfukoni mwa shati. Miaka mitatu ananisahihisha! Nikiandika jambo la plagi, anasema sivyo. Nikiandika habari za asubuhi, anauliza asubuhi gani, saa saba hii. Leo amesema mbele ya watu wote kwamba tangazo lipitie kwake kwanza alikague. Nimemjibu kwamba limeshakwenda kwa mchapaji. Sijachora hata mstari. Lakini atajuaje?

Na hapohapo wazo likanijia. Wiki iliyopita niliuliza swali la maana kabisa kuhusu breki. Akajibu mtu mmoja, tena alikuwa anauza kiwanja. Jana nikakosea idadi ya silinda: majibu themanini na manne! Wengine walijiandikisha palepale ili wapate kunisema. Basi! Mpenda magari hawezi kuona kosa akanyamaza, mwili mzima utamwasha. Nitaweka kosa kwenye tangazo. Moja tu, la makusudi, la kitaalamu. Watakuja mbio kusahihisha, na huwezi kusahihisha bila kujiandikisha. Nimejipongeza kwa soda.

Alhamisi, 7 Agosti

Picha nimepata. Jirani wa geti jeusi ana gari la zamani la bluu, kalifunika turubai tangu tuhamie mtaa huu. Leo asubuhi niko bafuni, nikachungulia dirishani: turubai limeanikwa ukutani! Gari liko wazi! Nikatoka mbio na taulo na simu. Nimepiga picha kumi na sita kabla jirani hajarudi na ndoo. Tisa ni za kidole changu.

Kuzifungua kwenye kompyuta, naona gari liko juu ya matofali. Halina gurudumu hata moja. Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nimeyafuta matofali, nikaokota magurudumu huku na kule mtandaoni, nikayapachika. Nikaweka milima kwa nyuma, na jua. Kivuli nimekiweka pale palipokuwa na nafasi.

Tatizo dogo tu kazini. Kadi za harusi za mteja mmoja zimetoka na gari la bluu katikati ya bwana na bibi harusi. Kadi mia mbili. Shemeji aliziangalia, kisha akaniuliza kama nimeshajizoeza kubadilisha wino wa fotokopi.

Ijumaa, 8 Agosti

Kosa liko tayari, na ni zuri jamani! Gari limeegeshwa, breki ya mkono imevutwa, lakini mshale wa spidi unasoma themanini. Ukikaza macho unauona kupitia dirisha la dereva. Hapo hata maiti atainuka ajiandikishe.

Mke wangu ameomba aangalie kabla sijatuma. Nimefunika kompyuta kwa shati. Nimemweleza kwamba kazi ya sanaa ikishikwashikwa inapoa. Amesema haya. Ile haya yake ninayoijua. Nimetuma.

Jumatano, 13 Agosti

Jarida limetoka! Ukurasa wa thelathini na moja. Saa tatu asubuhi, mwanachama mpya wa kwanza. Saa nne, kumi na tisa. Saa sita, sitini na wawili! Nimecheza peke yangu nyuma ya mashine ya kukatia karatasi. Kisha nikaanza kusoma walichoandika.

Hakuna aliyeuona mshale. Hata mmoja! Wa kwanza amesema magurudumu haya yametoka kwenye magari manne tofauti, na moja ni la trekta. Wa pili amesema kivuli kinalifuata jua badala ya kulikimbia. Wa tatu, namba ya gari inasomeka kinyume. Wa nne amepata matofali mawili niliyoyasahau. Wa tano ameuliza kwa upole dereva anashika nini, maana usukani haupo.

Haupo! Nimeangalia mara tatu. Nimekwenda mbio kwa jirani. Amesema usukani huwa anaung'oa na kulala nao chumbani, mwaka wa nne sasa, kwa ajili ya wezi. Nilitaka kumuuliza mwizi ataondokaje na gari lisilo na magurudumu, lakini alikuwa ameshika jarida na machozi yanamtoka. Amesema hajawahi kuliona gari lake limesimama kwa miguu yake. Ameomba nakala nyingine aitie fremu.

Alhamisi, 14 Agosti

Kabureta ameyakusanya yote na kuyapa namba. Makosa kumi na moja. Mshale wangu haumo! Kosa langu la pekee nililolifanyia kazi halimo!

La kumi na moja ni bampa. Amelikuza. Ndani ya mng'aro wa bampa amesimama mwanamume mwenye taulo. Watu mia na arobaini wanalijadili taulo. Wengine wameshaitambua simu yangu ni ya aina gani na ya mwaka gani. Mke wangu amelitambua taulo. Ni lile la wageni.

Nimeshindwa kuvumilia. Nimemwandikia Kabureta mbele ya umati kwamba yeye ni nati iliyobaki sakafuni baada ya injini kufungwa. Watu hamsini na watatu wamecheka. Leo nimeshinda mimi.

Ijumaa, 15 Agosti

Saa kumi jioni. Wanachama wapya: 312. Mia tatu na kumi na wawili! Nimeingia kwa Shemeji bila kubisha hodi, nikamwambia atafute mtu mwingine wa fotokopi. Akauliza kama hiyo kazi mpya nimepewa kwa maandishi. Nikamjibu kwamba hayo ni mambo madogo. Nikamrudishia funguo kwa mkono mmoja, mkono mwingine kiunoni.

Saa kumi na nusu, ujumbe wa Mhariri. Nifike Jumatatu saa mbili kamili. Anataka kuzungumzia makosa.

Nikarudi kwa Shemeji, safari hii nimebisha hodi. Kumbe fotokopi imeshapata mtu. Nusu saa! Nimemweleza mke wangu yote, bila kuficha. Hakufoka. Alikaa kitandani akakunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Bora angefoka. Naogopa, na naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo. Miaka tisa nimekuwa nikimwambia asubiri kidogo.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimefika saa moja na nusu. Ofisini kwa Mhariri ameketi mama mmoja mtu mzima, mdogo wa umbo, mkoba mapajani. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, mwanangu, halafu akajitambulisha kwamba yeye ndiye ile nati iliyobaki sakafuni.

Kabureta! Mwalimu mstaafu wa hisabati! Hajawahi kumiliki hata baiskeli! Nikatafuta pa kujificha, nikaanza kutazama chini ya meza. Akasema hana kinyongo hata kidogo, ila kiufundi nati haibaki, nati husahauliwa na fundi. Nikasema ndiyo mama.

Mhariri akasema simu za wasomaji hazijapumzika tangu Jumatano. Wote wanauliza ukurasa wa makosa utatoka tena lini. Basi ameamua uwe wa kila mwezi, uitwe Tafuta Makosa. Mama Kabureta ataandaa majibu kila jarida likishatoka. Mimi nitachora. Kiti ni changu, na safari hii ni kwa maandishi, nimeyashika!

Nikafungua daftari kumweleza aina za makosa nitakayokuwa nikiyapanga. Mhariri akanikatisha. Akasema nisipange chochote. Nichore tu kwa moyo wote, kwa uangalifu wangu wote, kama nilivyochora lile la kwanza. Mama Kabureta akageukia dirishani, mabega yakawa yanatikisika. Nadhani ana kikohozi.

Nyumbani mke wangu ameusoma mkataba mara mbili, akacheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akasimama akanikumbatia kwa nguvu, muda mrefu. Kicheko sijakielewa. Kumbatio nimelipokea.

Jumatano, 20 Agosti

Nimekaa nikafikiri, nikachemka. Kumbe hawa wananiona mimi ni mtu wa kukosea! Mimi! Basi ukurasa wangu wa kwanza hautakuwa na kosa hata moja. Watafute mpaka macho yawatoke.

Mke wangu amenikumbusha, taratibu kama mtu anayezungumza na mgonjwa, kwamba ukurasa wa Tafuta Makosa ukikosa makosa utafutwa, na mimi nitafutwa nao, na kwa kaka yake hakuna tena nafasi. Ameniuliza kama nimemwelewa. Nimemwambia heshima kwanza. Amesema haya.

Nimemaliza leo saa tisa alasiri. Gari jekundu, limechukuliwa ubavuni, na nimehakikisha magurudumu yote manne yanaonekana, yote ya aina moja. Usukani upo. Nimeweka mbili, mtu asije akanisumbua tena. Mvua inanyesha, waipa zinafuta nje na ndani, na kivuli ni kirefu, cheusi, kimenyooka barabara. Nimekagua mwenyewe mara nne, nikapeleka moja kwa moja kwa mchapaji. Sijamwonyesha mtu yeyote. Watu wakishaanza kuiangalia kazi ndipo wanapoanza kuona vitu.